Mwalimu Aliyetuhesabu

Mwalimu alichukia neno "wote". Ukimwambia kwamba Wasoga wote ni wapole, au Wajaluo wote wanapenda siasa, au Wagisu wote ni wakali, alikukatiza kabla hujameza mate. "Umewahesabu?" Ukijibu hapana, alikutaka urudie sentensi yako bila neno hilo. Na watu wazima walirudia. Nilimwona mwuza samaki mmoja pale Masese, mtaa wetu wa ziwani Jinja, mama mwenye sauti ya kuita mashua iliyo katikati ya ziwa, amesimama mbele yake kama mtoto wa darasa la pili. "Haya, Mwalimu. Wasoga... basi, wale wawili wanaokaa nyuma ya nyumba yangu, ni wapole." Mwalimu akamwambia, "Sasa umesema kitu," akanunua samaki wake akaenda zake.

Hii ni mara ya sita naandika habari zake. Tano za kwanza nilizifuta, maana kila mara nilijikuta nimeanza na visingizio vyangu badala ya kuanza na yeye. Mimi ndivyo nilivyo. Nikichapa barua ya mtu ya kuomba kazi naisoma mara nne, na akishaondoka nayo naanza kuogopa kwamba nimeacha herufi. Shule niliishia kidato cha tatu. Mengine nimejifundisha kwa kusoma kila karatasi iliyopita kwenye mashine yangu, wosia, hati za viwanja, mahubiri, maswali ya mtihani. Nitasema mapema: Mwalimu nilimkosea. Kosa langu lilimtoa Jinja na kumtenga na rafiki yake pekee, na kwa miaka saba sikuthubutu kumwambia. Lakini kwanza nataka umjue.

Nilikuwa na miaka ishirini nilipoanza kukaa kwenye kibanda cha steshonari cha binamu yangu, kando ya barabara ya kushukia mwaloni, zinakofikia mashua za wavuvi. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi iliyonguruma kama mtu mwenye pumu. Ubavuni mwa kibanda, chini ya mabati hayohayo, alikaa Hajji mshona viatu, mzee wa Kinubi. Siku moja Mwalimu alikuja na bunda la karatasi lililofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Juu yake kulikuwa na maneno aliyoyaandika kwa mkono: Nani Alisimama na Nani, Uchaguzi wa Mwanzo wa Amerika.

"Mzee, hii ni ya shule gani?"

"Si ya shule. Ni yako."

"Yangu?"

"Wewe ndiye utakayeisoma kwanza. Ukifika mahali usipoelewa, usichape. Niite."

Nilimwita sana. Mwandiko wake ulikuwa mbaya mno kwa mtu aliyewafundisha wengine kuandika kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa amefundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari hadi alipostaafu. Maktaba ya shule mojawapo ilikuwa imetupa kitabu kisicho na jalada kuhusu Amerika ilipokuwa nchi changa. Akakiokota, akakisoma, hakikumtosha. Tangu hapo kila mwanafunzi wake wa zamani aliyekwenda ng'ambo alijua zawadi ya kumletea.

Watu walimcheka. "Mwalimu, Amerika imekukosea nini? Si uandike ya hapa?" Jibu lake halikubadilika: "Ya hapa wenyewe wako hai."

Na kwa nini Kiswahili? Hilo nililiuliza mimi. Kwetu nyumbani Kiswahili kilikuwa cha kawaida, kwa sababu baba yangu, Msamia wa Busia upande wa Kenya, aliendesha lori la mizigo na hakujua Kigisu cha mama yangu. Lakini kwa majirani wengi kilikuwa bado lugha ya askari. Mzee mmoja pale mtaani, akisikia mtu anabisha mlango kwa Kiswahili, hadi leo anaangalia kwanza mlango wa nyuma. Mwalimu alijua. "Nikiandika Kiganda, Msoga atanuna. Nikiandika Kisoga, Mgisu hatakuja kuchukua. Kiswahili kinatuogofya sote sawasawa. Hiyo nayo ni haki."

"Umesema sote, Mwalimu," nikamwambia.

"Afadhali wewe kuliko inspekta wa shule," akasema, na tangu siku hiyo akaniita Karani.

Kuhusu Amerika yenyewe, nilichapa mambo ambayo mpaka leo yananitembea kichwani. Kwamba kule Virginia zamani hakukuwa na karatasi ya kura. Mwanamume mwenye ardhi alisimama mbele ya meza mahakamani, mkuu wa polisi wa wilaya akamwuliza anamtaka nani, naye akajibu kwa sauti, majirani wakisikia. Karani akaandika jina lake chini ya jina la mgombea. Mgombea mwenyewe alikuwa ameketi palepale, aliinuka akamshukuru. Vitabu vya makarani hao vingine vimesalia, kwa hiyo Mwalimu, akiwa amekaa Masese na miguu yake vumbini, aliweza kukuambia mfinyanzi fulani wa Kijerumani, aliyekufa miaka mia mbili iliyopita, alisimama na nani, na jirani yake Mskoti kutoka Ayalandi alisimama na nani.

Na waliolima mashamba ya hao wenye ardhi? Mwalimu aliandika ukurasa mzima juu yao. Wakati Virginia na majimbo ya kusini yanatafuta viti vingi bungeni kuyashinda ya kaskazini, watumwa waliingizwa kwenye hesabu, kila watano wakawa kama watu watatu. Wakati wa kupiga kura hawakuitwa. "Kuna kuhesabiwa na kuna kuulizwa," aliandika. "Usidhani ni kitu kimoja." Chini ya sentensi hiyo alikuwa amepiga mistari miwili kwa nguvu hadi karatasi ikachanika.

Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Wajerumani wa Pennsylvania. Aliisimulia mbele ya kibanda, samaki wa jioni wanapita vichwani mwa watu, na wanawake walisimama kumsikiliza.

"Watu walisema Wajerumani ni wa chama cha serikali, wamezaliwa hivyo, watakufa hivyo. Serikali ikaleta kodi ya nyumba. Wakaja maofisa wa kukadiria nyumba, nao wanahesabu madirisha."

"Madirisha?" mwuza samaki akauliza.

"Madirisha. Wanawake wakachemsha maji, wakasubiri ghorofani. Ofisa akisimama chini kuhesabu, maji yanashuka."

"Ya moto kabisa?"

"Yanatokota."

"Hao hawakuwa Wajerumani, hao ni wa Masese!" Wakacheka, Hajji akagonga nyundo yake juu ya kiatu kwa furaha.

Mwalimu alisubiri kicheko kiishe. "Uchaguzi uliofuata, wilaya zao zikageuka. Lugha yao ni ileile, kanisa lilelile, supu ileile ya kabichi. Sasa niambieni, walipiga kura kama Wajerumani, au kama watu waliohesabiwa madirisha?"

Wakaondoka wakibishana. Nadhani ndivyo alivyotaka.

Usifikiri alikuwa mtakatifu. Alihubiri uvumilivu, na mimi alinifokea hadi nikalia kwa sababu ya koma moja. Alichukia uvumi, na kila jioni alikaa na Hajji wakicheza mweso, bao la kwetu, na kuchambua ndoa za mtaa mzima. Wakati wa kucheza Hajji alimwibia kete waziwazi. Mwalimu, ambaye angeweza kukuambia idadi ya mbegu zilizobaki kwenye kila shimo, alijifanya haoni. "Huyu ni mwizi wa kuaminika," alisema. Alitusihi tukapige kura, na yeye mwenyewe hakupiga hata mara moja.

Hilo la mwisho lilikuwa na sababu. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji kwetu ni wa mlolongo: wagombea wanasimama mbele, kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya wake, na tunahesabiwa. Kura hiyo haina siri. Mwenye nyumba wako anakuona, mkweo anakuona, mtu uliyemwahidi jana anakuona. Mwalimu aliuchukia mlolongo. "Virginia tupu," alisema. Lakini ndiye aliyekuwa akiuhesabu, tangu kabla sijajua kusoma, kwa sababu pande zote zilimkubali. Alitembea taratibu, akimgusa kila mmoja begani kwa gazeti lililokunjwa, akihesabu kwa sauti ya darasani, ukishaguswa unachuchumaa. Akifika mwisho anageuka na kuhesabu upya kutoka nyuma. Hakuna aliyewahi kuipinga hesabu yake.

Walimkubali kwa sababu hawakujua ni wa wapi. Jina lake la ukoo linatumika katika makabila matatu ya mashariki. Herufi ele na ere, ambazo kwetu humtaja mtu kabila, alizitamka zote mahali pake, kwa hiyo ulimi haukumsaliti. Watu waliwekeana dau: Mgwere, Mteso, Mnyole. Ukimwuliza alijibu, "Mimi ni wa upande wa kuhesabu." Hata mimi leo sikuambii alizaliwa wapi. Sijui.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Katika karatasi zake kulikuwa na sura inayoeleza namna ya kazi. Usimwulize mtu kabila peke yake, aliandika. Uliza ametoka wapi, anasali wapi, ananunua kwa nani, mara ya mwisho alisimama na nani. Panga majibu kwenye jedwali, halafu watafute wasiosimama na wenzao; hao ndio watakaokufundisha. Niliipenda sura hiyo kupita kiasi. Nikafikiri: kwa nini nisijaribu kwa mtaa wetu? Nilikuwa nawajua karibu watu wa kila nyumba, maana kila mtu alipitisha karatasi kwangu. Nilitengeneza jedwali la nyumba tisini na tatu. Nilipanga safu, nikazipa vivuli, nikasahihisha tahajia ya majina. Nyumba yetu ilinitatiza kidogo, baba Msamia, mama Mgisu. Nikaandika "mchanganyiko" na nikaona aibu, kama mtu aliyejipendelea.

Na nilikuwa nimeonywa. Mwisho wa sura ileile Mwalimu aliandika: "Ramani ya wafu ni elimu. Ramani ya walio hai ni orodha ya kuwinda." Nilizichapa sentensi hizo kwa vidole vyangu. Nilizisahihisha hata nafasi baada ya nukta.

Kisanduku kimoja kilibaki kitupu: Mwalimu, ametoka wapi. Huwezi kujua kitu hicho kilivyonisumbua. Nilikuwa nikilifungua jedwali na jicho langu linakwenda palepale, kama ulimi kwenye pengo la jino. Kisha akaja kutoa fotokopi ya fomu ya hospitali, mkono wake umefunika nusu ya ukurasa. Alipouondoa ili niweke karatasi kwenye kioo, nikaona anwani ya binti yake: Nakaloke, Mbale, kwenye nchi ya Wagisu. Sikufikiri. Alipoondoka tu nikaandika "Mgisu". Kisanduku kikajaa, nami nikapumua.

Wiki ya kampeni alikuja ajenti wa mwenyekiti aliyekuwa madarakani, kuchapisha mabango. Mwenyekiti alikuwa Msoga. Mpinzani wake alikuwa seremala Mgisu aliyependwa na watu. Ajenti mwenyewe hakuwa Msoga, alikuwa Msamia kama baba. Jedwali lilikuwa wazi kwenye kompyuta. Ningeweza kulifunga. Sikulifunga, kwa sababu nilitaka mtu alione.

"Nyabo, bibie, hii kazi nani amefanya?"

"Mimi."

"Wewe peke yako? Bila chuo?" Akainama karibu na kioo. "Baba yako si yule wa lori, wa Busia? Basi wewe ni dada yangu kabisa. Hii ni kazi ya profesa. Chapisha moja mimi nijifunze."

Nikachapisha. Nilimpa hata bahasha, karatasi isikunjike.

Siku ya uchaguzi tulikutana asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Watu walikuwa wameshajipanga nyuma ya wagombea, na Mwalimu alikuwa amekwisha kukunja gazeti lake. Nakiri kwamba nilikuwa nimesimama pembeni na nakala yangu ya jedwali, natazama nani yuko wapi. Lilikuwa limekosea sana. Mwuza samaki, Msoga, alisimama nyuma ya seremala kwa sababu ndiye aliyemtengenezea vichanja vya kukaushia. Hajji naye alikuwa huko. Wagisu kadhaa walikuwa nyuma ya mwenyekiti. Mwalimu angefurahi, nilifikiri. Nitamwonyesha.

Ajenti akapaza sauti. "Kabla hatujahesabiwa! Huyu mzee tumuulize, kwao ni wapi?"

"Kwetu ni hapa," Mwalimu akajibu bila kusimama.

"Nakaloke ni hapa?" Akainua karatasi juu. "Imeandikwa! Mwalimu ni Mgisu! Atahesabia ndugu yake!"

Mwalimu alisimama. Hakumtazama ajenti. Aligeuka akamtazama Hajji, na Hajji, ambaye hakujua lolote, akamtazama yeye.

"Hatutaki yeye! Alete mtu ingine!"

"Miaka yote alikuwa anatuficha!"

"Nyamazeni, mbwa nyinyi," mwuza samaki akapiga kelele, "huyu amewahesabu baba zenu!" Lakini sauti zilikuwa nyingi. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nimekiona tena mara nyingi nikifumba macho. Watu walianza kuhama. Mmoja mmoja, bila kutazamana, Wasoga waliokuwa nyuma ya seremala wakavuka uwanja kwenda upande wa pili, na Wagisu wa upande ule wakavuka kuja huku. Jedwali langu lilikuwa limekosea; sasa lilianza kuwa sahihi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na kalamu mkononi.

Mwalimu aliweka gazeti lake juu ya nyasi, akaondoka uwanjani. Afande mmoja wa polisi alihesabu badala yake. Mwenyekiti alishinda.

Kesho yake Mwalimu alikuja mbele ya Hajji. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Hakuketi. "Nakaloke nilimwambia mtu mmoja tu duniani," alisema.

"Mwalimu, unasema nini? Kaa kwanza."

Hakukaa. Ndani ya mwezi ule alihama, na bunda lake la karatasi akalichukua kabla sijafika sura ya mwisho. Ilikuwa rahisi kusema wakati ule. Nilihitaji kufungua mdomo tu. Nilijiambia nitasema kesho, nikiwa nimepanga maneno vizuri.

Nilipanga maneno hayo kwa miaka saba, nikikaa ubavuni mwa Hajji kila siku ya kazi. Hakuwahi kutaja jambo lile hadi mwezi uliopita. Macho yake yamekuwa yakizima. Sindano anaitafuta kwa vidole. Alikuwa akipapasa uzi, akaniuliza kama mtu anayeuliza saa: "Karani, wewe unasoma mambo mengi. Hivi mimi nilimkosea nini Mwalimu?"

Nilikwenda Mbale Jumatatu hii.

Nakaloke niliuliza sokoni, na mwuza vitunguu akanielekeza kwa kidevu. Mwalimu alikuwa barazani kwa binti yake, anachambua maharage kwenye ungo, miwani imefungwa kwa uzi. Amekonda. Shingo yake imekuwa ndogo ndani ya kola.

"Karani," akasema kabla sijamwamkia. "Umeniletea makosa ya chapa?"

"Shikamoo, Mwalimu. Nimeleta kosa moja."

Nilikuwa na barua, kurasa mbili, nakala ya nne. Nikamnyooshea kwa mikono miwili. Hakuipokea. "Una mdomo. Sema."

Nikasema. Nilisema ovyo, nikianza katikati, nikirudi nyuma, nikisahau bahasha na kuikumbuka. Aliendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza aliuliza, "Kwenye jina langu uliandika nini?"

"Mgisu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu palikuwa patupu."

Alitoa kicheko kifupi, kisicho na raha. "Marehemu mama mkwe wangu angefurahi. Alinikataa kwa sababu mimi si Mgisu." Akatupa jiwe dogo uani. Kisha akasema polepole, kama anayepima kama ubao utambeba: "Na Hajji?"

"Hajji hakumwambia mtu. Hata leo hajui ulimkasirikia nini."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kuku alikuja akadonoa maharage mawili na hakumfukuza.

"Nilimwambia mtu mmoja," akasema, "siri ikatoka, basi ni yeye. Ndivyo nilivyofikiri. Mimi! Mwanafunzi akiniletea hoja kama hiyo nampa sifuri na kumwita mzazi wake." Akavua miwani. "Sikumwuliza hata swali moja. Una namba yake?"

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu. Mjukuu alipokea, akampelekea babu yake. Tulisikia nyundo ikiwekwa chini.

"Hajji, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Unanijua."

"Namjua mtu mmoja mwenye sauti hiyo," Hajji akasema. "Lakini huyo alikufa kwa hasira."

Mwalimu akanisukumia simu. "Wewe kwanza."

Kwa hiyo nikasema tena, mara ya pili saa ileile, na mara hii hakukuwa na maharage ya kutazama. Nilipomaliza, tulimsikia Hajji akimwambia mjukuu aende nje.

"Karani. Umekaa pembeni yangu miaka saba."

"Ndiyo, Hajji."

"Chai yangu umekunywa."

"Ndiyo."

"Kila asubuhi."

"Ndiyo, Hajji."

"Mpe huyo mzee simu."

Waliongea, nami nikasikia yote, ingawa nilitamani nisisikie. Mwalimu alisema nisamehe, Hajji akamkatiza. "Neno hilo sitaki la simu. Njoo uniambie nikiwa bado nauona uso wako. Daktari anasema jicho la kushoto halina muda."

"Nitakuja Ijumaa."

"Baada ya swala."

"Baada ya swala," Mwalimu akarudia, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mtu aliyetoka kuugua.

Alipokata simu nilimwuliza kama amenisamehe. Najua nilipaswa kungoja. Sikuweza.

"Unataka jibu leo," akasema, "upate kuliandika vizuri." Hakusema kwa ukali. Akavuta ungo magotini. "Ijumaa tutakuwa watatu. Uliza hapo, mbele yake. Nami nitasikia kwanza yeye anasemaje, maana wa kujibu kwanza ni yeye."

Leo ni Jumatano. Hajji anaiambia kila miguu inayopita kwamba Ijumaa ana mgeni kutoka Mbale. Mimi hajanisalimia tangu Jumatatu. Lakini asubuhi hii, kama asubuhi zote, alimimina vikombe viwili vya chai, akapapasa ukingo wa benchi, akaweka kimoja upande wangu. Nilikitazama hadi kikapoa. Sijui kama naruhusiwa kukinywa.